Fundi Cherehani na Shalimo Yake

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya king'ora, nimevaa shati jeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi kwa mkaa. Kufikia saa nne asubuhi lilikuwa na matundu saba ya cheche, madogo kama vichwa vya njiti za kiberiti, kila moja na ukingo mweusi. Kapita aliyahesabu kwa kidole, moja baada ya jingine, wala hakucheka.

"Bon, vema," akasema. "Sasa umeandikwa kazi. Kesho vaa nguo ya zamani."

Kapita ndilo jina tulilompa msimamizi wa mafundi wenyeji enzi zile za Wabelgiji. Wetu alikuwa mtu wa Bukavu, mfupi, mwenye mikono iliyojaa makovu meupe, na sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina lake la ubatizo. Juu yake alikuwa Shefu wa karakana, Mbelgiji mmoja mrefu aliyetembea na rula ya chuma kwapani. Karakana yenyewe ilikuwa Gisenyi, karibu na gati, na ilitengeneza vitu vya aina mbili: malori yaliyoteremsha viazi kutoka Bugeshi na Busasamana, na boti za chuma za Ziwa Kivu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa mvuvi, na chuma nilichokijua ni kile cha ndoana.

Asubuhi hiyohiyo, kabla shati halijatoboka, Kapita alinipa ubao wenye dirisha dogo la kioo cheusi. "Weka mbele ya uso. Hapana toa mpaka niseme." Niliuweka. Sikuona kitu, giza tupu, mpaka nikadhani ananifanyia mzaha. Kisha nyota ikawaka ndani ya lile giza, na chini ya nyota niliona chuma kikiwa maji. Lilikuwa dimbwi lenye upana wa ukucha, likitetemeka, likisogea polepole kama kitu chenye uhai, na nyuma yake likiacha mstari wenye mawimbi madogo yaliyoganda. Vipande viwili vilivyokuwa mbali na mbali vilikuwa sasa kitu kimoja. Nimeitazama nyota ile kwa miaka karibu arobaini baada ya siku hiyo, na niwaambie kweli vijana, sijaizoea.

Kazi hiyo vitabu vinaiita kuchomelea au kulehemu. Sisi tuliiita kusudea, tukilichukua neno kwenye Kifaransa cha Wabelgiji na kulivika nguo zetu. Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ya umeme: injini ya dizeli iligeuza dainamo, waya mmoja ukabana kwenye chuma, mwingine ukashika bageti, yaani fimbo nyembamba ya chuma iliyopakwa unga mgumu. Bageti ikikaribia chuma, cheche inaruka na kuyeyusha vyote viwili. Njia ya pili ni ya gesi. Mawe ya kabidi yanadondoshewa maji ndani ya pipa lililofungwa, yanatoa gesi inayonuka kama vitunguu vilivyooza. Gesi hiyo inakutana na oksijeni ndani ya shalimo, bomba la shaba nyeupe lenye mdomo mwembamba, na mdomoni unawaka moto mdogo wa bluu, mkali kama ncha ya kalamu. Umeme ulikuwa wa vyuma vinene na watu wenye haraka. Gesi ilitaka subira.

Mimi nilikuwa mtu mwenye haraka. Baada ya miaka miwili nilishona fremu za malori mpaka Shefu akawa ananiita peke yangu bila kupitia kwa Kapita, na kichwa kikaanza kuvimba. Wakati huo ndipo alipokuja Mzee Ramadhani.

Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na mkanda wa kupimia shingoni hata siku za Ijumaa. Baba yake alikuwa ametoka Ujiji na misafara ya biashara, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu. Alileta pedali ya cherehani iliyovunjika vipande viwili. Pedali ile ni ya fonti, chuma cha kumiminwa, ambacho ukikichoma vibaya kinapasuka kama chungu. Kapita aliipasha joto taratibu pande zote, akanyunyiza unga wa boraksi unaosaidia shaba kushika, akaipitishia shalimo na fimbo ya shaba. Shaba ilikimbia kwenye ufa kama asali kwenye mkate moto.

Mzee Ramadhani alilipa, akachukua pedali yake, akasimama nayo mkononi. Hakuondoka. Kesho yake alirudi bila kitu cha kutengeneza. Keshokutwa pia.

"Muzee, unatafuta nini?" Kapita akamuuliza hatimaye.

"Natazama tu."

"Unataka kazi?"

"Kazi ninayo. Nataka kujua kufanya hivyo." Akaelekeza kidevu kwenye shalimo. "Jumapili, nyumbani kwangu, nikishafunga duka."

"Utengeneze nini?"

Mzee alifikiri. "Chochote. Hata nisipotengeneza kitu. Nataka niyaone yale maji tena, na safari hii niwe mimi niliyeyafanya."

Mafundi waliangua kicheko. Enzi zile mtu alijifunza ufundi ili ale. Mtu mzima mwenye duka, mke na watoto kutafuta moto kwa raha ya roho yake, tuliona ni wazimu mpole. Lakini mimi sikucheka nao, maana alikuwa ametamka neno ambalo nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza na nikaona haya kulisema. Jioni nilimfuata njiani nikamwambia nitamsaidia kuchagua vyombo.

"Lakini mimi si tajiri, Anastazi," akasema.

"Ndiyo maana nakuja nawe," nikamjibu, kwa majivuno ya mtu aliyeitwa na Shefu.

Tulianza kwa kuamua njia. Umeme haukuwezekana, mtaani kwake hapakuwa na waya hata mmoja, na injini yenye dainamo ni chombo cha kampuni. Ilikuwa lazima iwe gesi. Pipa la kabidi tulilipata kwa mlowezi mmoja wa kahawa aliyekuwa akifunga shamba lake arudi kwao. Lilikuwa na kutu nje lakini ndani zima. Tulilijaza hewa kwa pampu ya baiskeli, tukalipaka povu la sabuni, tukakaa tukitazama kama kuna mahali povu linavimba. Hapakuwa napo. Mzee aliligonga kwa upendo kama mtu aliyenunua ng'ombe wa maziwa.

Shalimo tuliifuata Goma kwa miguu, Jumamosi, tukipita mpakani pale ambapo leo panaitwa Petite Barrière. Wakati ule mpaka ulikuwa mwepesi. Watu walibeba vikapu vyao wakisalimiana huku na huko. Kwa muuza vyuma chakavu tulikuta shalimo kuukuu yenye midomo mitatu, mmoja mwembamba kabisa. Nilimwambia Mzee auache ule mwembamba, hauna kazi, tupunguziwe bei. Alikataa. "Sindano nyembamba ndiyo ninayoitumia kila siku," akasema, akautia mfukoni mwa koti.

Mipira ya kupitishia gesi ilikuwa imekauka na kupasuka. Muuzaji akatutolea bomba jembamba la shaba nyekundu. "Hii haiozi hata ukufe," akasema. Nilifurahi, nikalizungusha begani, nikarudi nalo Gisenyi kifua mbele. Kapita alipoliona alilishika, akalitazama, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Nani alikufundisha gesi?"

"Wewe, Kapita."

"Donc, basi, mi ndiye mupumbavu. Gesi ya kabidi ikilala ndani ya shaba nyekundu, inazaa kitu kama baruti. Siku moja unagonga tu na nyundo, pwaa, muzee anakwenda na nyumba yake." Alilikunja bomba lile kwa goti lake. "Mipira, nunua mupya. Pipa ya zamani, bon. Shalimo ya zamani, bon. Lakini kitu chochote kinabeba pumzi ya moto, mupya."

Tulinunua mipira mipya. Kabidi tuliitia kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana, maana hata unyevu wa ukungu wa ziwa unaiamsha. Chupa ndogo ya oksijeni nilimwombea kwa Shefu, iwe inakwenda kujazwa pamoja na zetu. Shefu alinikodolea macho.

"Tailleur, ile fundi cherehani? Kwa nini yeye nataka oksijeni?"

"Anapenda, Mösyö," nikajibu; ndivyo tulivyosema Bwana kwa Kifaransa.

"Napenda nini?"

"Kusudea."

Aliligeuza neno hilo kichwani, akapiga rula yake kwenye paja. "Bon. Chupa moja. Kama yeye natia mafuta kwa roubinet, mimi natupa wewe ziwani." Alikuwa sahihi, oksijeni ikikutana na grisi kwenye koki yake inawaka yenyewe bila kiberiti. Hilo nilikuwa nalijua, na nilimwonya Mzee asiguse chupa na mikono yenye mafuta ya cherehani.

Ilibaki miwani, na hapa ndipo ninapofika mahali ambapo nimekuwa na aibu maisha yangu yote. Tulipata miwani ya gesi, yenye vioo vya kijani kibichi, na ilimfaa vizuri. Jumamosi moja mchana, Shefu akiwa ameondoka, Mzee alikuja karakana akaniomba aone umeme kwa karibu, ajaribu hata bageti moja. Ubao wa kioo cheusi ulikuwa mmoja tu siku hiyo, na niliushika mimi. Akauliza kama atahitaji kununua kioo kingine cha umeme.

"Pesa ya bure hiyo," nikasema. "Miwani ni miwani. Hiyo ya kijani inatosha."

Vijana, kioo cha gesi na kioo cha umeme vinafanana kwa mtu asiyejua. Kimoja kinazuia mwanga wa moto, kingine kinazuia miale ya cheche ambayo hata huioni wala huisikii. Nilikuwa nimekaa kazini zaidi ya miaka miwili na nilikuwa nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Sijui kwa nini nilisema nilivyosema. Nadhani nilitaka aone kwamba ninajua kumwokolea pesa. Tulichoma bageti nne. Aliondoka akiimba.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya misa, mke wake alisimama mlangoni kwetu. Mama Zuhura alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya chini, anayeuza vitumbua sokoni, na sijawahi kumwona bila sinia yake. Siku hiyo mikono ilikuwa mitupu.

"We ndiye Anastazi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Bwana yangu hana macho."

Nilijaribu kusema kitu.

"Usiseme. Kuja."

Nilimkuta Mzee Ramadhani amekaa sakafuni katika chumba kilichofungwa madirisha, kitambaa usoni, machozi yakimtoka bila yeye kulia. Alisema ni kama mtu amemtia mchanga chini ya kope na anausugua. Kope zilikuwa zimevimba kama midomo. Nyuma yake, kwenye mwanga mdogo wa mlangoni, niliona suruali ya mteja imelala juu ya cherehani, nusu imeshonwa.

"Watoto wanne wanakula kwa haya macho," Mama Zuhura akasema. "Si kwa mikono yake. Mikono ya kushona iko mingi hapa Gisenyi. Watu wanakuja kwake sababu anaona. Na we ulimwambia nini?"

"Nilimwambia miwani inatosha."

"Na ulijua haitoshi?"

Ningeweza kusema sikujua. Mzee mwenyewe aligeuza uso wake uliofungwa kunielekea, kama anayenisaidia kudanganya. "Mama Zuhura, ni mimi niliyeomba," akasema.

"Nilijua, mama," nikasema.

Hakunipiga wala hakunitukana. Alikaa juu ya kiti cha cherehani akanitazama, na kutazamwa huko kulinichoma kuliko cheche zote zilizowahi kuniingia kiatuni.

Nilikimbia kumwita Kapita. Alikuja na viazi viwili mfukoni, akavikata vipande vyembamba, akaviweka vibichi juu ya kope za mgonjwa. Ilikuwa dawa ya wachomeleaji wote wa zamani. Haiponyi, lakini inapoza. Mhudumu wa zahanati naye alikuja, akasema akae gizani na kitambaa cha maji baridi, na tungoje. Nikauliza tungoje mpaka lini. Akasema, "Siku mbili, tatu. Wengi wanapona." Nililisikia lile neno wengi, na Mama Zuhura alilisikia pia.

Siku zile mbili sikula vizuri. Nilikuwa nikitoka kazini nakwenda kukaa ukutani kwao, nabadilisha vipande vya viazi. Mzee alikuwa akizungumza zaidi yangu. Aliniambia kwamba gizani anaendelea kuliona lile dimbwi la chuma likitembea, na kwamba hata kama ndicho kitu cha mwisho Mungu alichomwonyesha, hakikuwa kibaya. Mama Zuhura akamwambia anyamaze.

Asubuhi ya siku ya tatu Mama Zuhura alimfungua kitambaa yeye mwenyewe. Alifungua dirisha nusu. Macho ya Mzee yalikuwa mekundu, yakipepesa. Mama Zuhura hakumwuliza kama anaona. Alichukua sindano nyembamba kuliko zote na uzi mweupe, akampa mkononi. Mzee aliulamba uzi, akaukosa. Akaulamba tena. Uzi ukapita.

Mama Zuhura alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, akafunika uso kwa kanga. Mimi nilitoka nje barazani. Mama Zuhura aliponifuata nilidhani anakuja kunifukuza.

"Sikiliza," akasema. "Huyu mutu hataacha. Namjua. Nikimukataza atakwenda kujificha na huo moto, na mi sitajua. Donc we utamuchagulia kila kitu upya, kimoja kimoja, kama vile ni macho yako. Na kila Jumapili utakuwa pale."

Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Nilimnunulia kioo cheusi cha kweli kwa mshahara wangu, na glavu za ngozi, na tuliitupa fulana yake ya nailoni, ambayo cheche zingeiyeyushia mwilini. Nilimkuta anayeyusha waya wa seng'enge badala ya fimbo za kununua. Nilimwonya kwamba waya huo umepakwa zinki na moshi wake unaleta homa kali, tukatafuta waya mweusi usiopakwa, akausafisha kwa msasa. Alikuwa na koleo kuukuu, brashi ya waya aliyoitengeneza mwenyewe, na meza iliyokuwa mlango wa lori uliolazwa juu ya mawe. Kila kilichosimama kati ya moto na mwili wake kilikuwa kipya, na vingine vyote vilikuwa takataka za watu wengine.

Kwa vyombo hivyo nilimwona akifanya mambo ambayo sisi karakana hatukuyaweza. Alikuwa akichukua makopo ya bati ya maziwa, membamba kama karatasi ngumu, akayaunganisha kwa ule mdomo mdogo niliotaka tuuache Goma. Kwanza alishikiza, kama nguo: tone moja hapa, tone jingine upande wa pili, tone katikati, ili bati lisijikunje kwa joto. Kisha akashona taratibu, akipumua na moto wake. Sisi tuliopiga vyuma vinene tulikuwa tunauburuta moto. Yeye hakuburuta kamwe. "Kitambaa chepesi ukikivuta kinakasirika," aliniambia, na nilimwona akiuinua moto kila chuma kilipoanza kung'aa mno, kama mtu anayeinua mguu kwenye pedali. Nilikuwa nakuja kumlinda, nikawa nakuja kujifunza.

Kisha likaja tangi la boti. Boti moja ya karakana ilikuwa ikienda Kibuye kila Ijumaa na wauza samaki, mizigo, na wagonjwa wanaopelekwa hospitali. Tangi lake la petroli lilianza kuvuja kwenye mshono. Kapita alikuwa ametumwa Ruhengeri kwenye daraja, kwa hiyo Shefu aliniita mimi. Nililiosha tangi kwa maji ya moto na magadi mara tatu, nikafanya kila alichonifunza Kapita, kisha nikatumia chombo nilichokipenda. Bageti ya kwanza ya umeme ilifungua tundu la ukubwa wa sarafu, maana bati la tangi lilikuwa jembamba. Ya pili ililifanya kuwa mdomo.

Ilikuwa Jumatano. Shefu alilitazama tundu, akaingiza ncha ya rula yake ndani, akaitoa.

"Tangi mpya natoka Bukavu. Wiki mbili, labda tatu," akasema. "Watu ya Ijumaa wewe naambia nini?"

Kwenye orodha ya wagonjwa alikuwamo mama mmoja wa Busasamana aliyebebwa kwa machela siku nzima ili apande boti hiyo.

"Mösyö, kuna mtu anayeweza."

"Nani?"

"Fundi cherehani."

Nilidhani atanifukuza hapohapo. Alilitazama tundu tena. "Kuleta yeye," akasema. "Kama naharibu, wewe na yeye naondoka pamoja."

Mzee Ramadhani alikuja Alhamisi asubuhi na vyombo vyake kwenye mkokoteni, Mama Zuhura akiusukuma kwa nyuma. Tangi lilipangwa mshono ukiwa juu, tukalijaza maji mpaka chini kidogo ya tundu, ili mvuke wa petroli usipate mahali pa kukaa, na kizibo tukakiacha wazi. Hata hivyo mafundi wote walirudi nyuma mpaka ukutani. Mama Zuhura hakurudi. Alisimama hatua tatu kutoka kwa mumewe, mikono imefungwa kifuani, akamtazama mpaka alipovaa miwani yake, ndipo akageuza uso.

Mzee alikata kiraka kwa mkasi wa bati, akakikunja kingo kama mfuko wa shati, akakilaza. Akashikiza. Tone, tone, tone. Kisha akaanza kushona. Injini ya dainamo ilikuwa imezimwa. Palikuwa na mlio mmoja tu, ule mluzi mwembamba wa shalimo, na mkono wake ukienda, ukienda, bila kutetemeka. Nilisogea karibu na kioo changu. Dimbwi lake lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Lilikizunguka kiraka chote, likarudi lilipoanzia, likalala.

Alipozima moto nililikausha tangi, nikapaka chokaa nyeupe nje ya mshono mzima, nikatia mafuta ya taa ndani. Hiyo ndiyo njia ya kuupima mshono, kwa sababu mafuta ya taa hupenya hata pale maji yasipopita. Kukiwa na tundu hata la ncha ya sindano, doa jeusi hujitokeza kwenye chokaa. Tulingoja saa nzima. Shefu alichutama mwenyewe mbele ya tangi, miguu yake mirefu imekunjwa, pua karibu iguse. Chokaa ilibaki nyeupe.

Akasimama, akavua kofia. Sikuwahi kumwona akiivua mbele ya mtu mweusi.

"Nani nafundisha wewe?"

"Anastazi, Mösyö," Mzee akajibu.

Nilitaka ardhi inifunike. Shefu akanitazama, akakitazama kiraka kilicholifunika tundu nililotoboa. Akamwambia Mzee kwamba kuanzia Jumatatu ana nafasi karakana, kazi ya mabati membamba, na mshahara kupita wangu.

Mzee Ramadhani alikuwa anakunja mipira yake. "Asante, Mösyö. Lakini nikifanya kwa king'ora, Jumapili nitafanya nini?"

Mafundi walicheka tena, ila kilikuwa kicheko kingine. Ijumaa boti iliondoka, mama wa Busasamana amelazwa chini ya turubai. Alirudi baada ya mwezi akitembea. Mzee hakuwahi kumjua, na alipoambiwa alifurahi kisha akauliza habari za mshono.

Baada ya hapo nilihamishwa mara nyingi. Nilikaa Cyangugu chini ya Kapita mwingine, mkali, aliyetupima mishono kwa kuipasua katikati. Nilikaa Ruhengeri kwenye mapipa ya maji ya hospitali. Wabelgiji waliondoka, Mashefu wakawa watu wetu, rula ikabadilika kuwa karatasi. Kila nilikokwenda niliomba kazi za bati jembamba, nikashikiza kabla ya kushona, na walioniuliza nilijifunza wapi niliwaambia nilijifunza kwa mtu asiyewahi kulipwa kwa kazi hiyo hata siku moja. Mzee Ramadhani alichomelea Jumapili zake mpaka mikono ilipokataa, na hadi mwisho alishona suruali bila miwani ya kusomea.

Sasa nimestaafu, na vijana wananijia na picha za mashine za siku hizi, ndogo kama masanduku ya viatu, wakiuliza ipi ni ya bei nafuu kwa mtu anayeanza. Nawaambia ninachokijua. Kama una umeme, mashine ndogo inatosha; chuma cha kujifunzia hakihitaji nguvu nyingi. Bageti nyembamba, pakiti moja, ihifadhiwe pakavu, na ikipata unyevu ianikwe juani kabla ya kutumika. Nyundo, koleo, brashi na meza, okota. Lakini kioo cha uso, glavu na waya usiochubuka, hapo usitafute nafuu, na asiwepo mtu wa kukuambia kwamba chochote kinatosha, hata awe fundi, hata awe mimi.

Mwaka jana alikuja jirani yangu Konsolata, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ana miaka sitini na mitatu. Alitaka kujitengenezea kibao cha chuma cha kuwekea maua. Nilimsindikiza dukani, nikamchagulia kimoja kimoja, naye akanilalamikia njia nzima kwamba namnunulia kofia ya kioo cheusi ya bei kubwa kuliko mashine. Tulifunga vipande viwili vya chuma uani kwake. Bageti ilinata mara tano; mara ya sita ikawaka, na mkono wake ukaanza kusogea, vibaya, kwa kuyumba, lakini ukasogea.

Alipofika mwisho aliinua kofia taratibu. Chuma kilikuwa bado chekundu, kikififia. Alikitazama mpaka kikawa cheusi kabisa, mdomo umefunguka kidogo kama wa mtoto kanisani.

"Muzee," akasema kwa sauti ya kunong'ona, "vilikuwa viwili."

Nilitaka kumweleza kuhusu upana wa mshono na pembe ya mkono. Nikamwacha aendelee kutazama.